Wastani Umepanda, Wasichana 18 Wako Wapi? Kisa cha shule ya kutwa ya Kano

Januari 2024, matokeo ya 2023 ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yalipotoka, bango lilitundikwa langoni mwa shule: wastani 4.0 kati ya pointi 12, kutoka 3.4 mwaka uliotangulia. Bodi ya usimamizi ilipiga makofi, wazazi wakachinja mbuzi, na mkuu wa shule akatakiwa aeleze siri ya ufanisi kwenye mkutano wa wakuu wa kaunti ndogo. Siri hiyo ndiyo tunayoichambua hapa, kwa sababu shule iliyopanda bila kujua kilichoipandisha haina la kufanya mwaka itakaposhuka.

Shule yenyewe ni ya mfano. Tumeiunda kutokana na hali zinazojulikana katika shule za kutwa za mchanganyiko kwenye tambarare ya Kano, kaunti ya Kisumu, kati ya Ahero na ufuo wa ziwa. Idadi zake za wanafunzi na wastani wake tumezitunga ili msomaji aweze kufuata hesabu hatua kwa hatua. Kanuni za mtihani, ruzuku, sera na jiografia ni za kweli. Mwalimu yeyote mwenye rejista ya usajili na karatasi za matokeo anaweza kuifanya kazi hii kwa shule yake kwa siku mbili au tatu.

Tuanze na watoto. Januari 2020 waliandikishwa kidato cha kwanza 118. Wanane walihamia shule nyingine na uhamisho wao ukathibitishwa, kwa hiyo wanatolewa kwenye hesabu. Wanabaki 110: wasichana 54, wavulana 56. Waliokaa mtihani Novemba 2023 ni 84: wasichana 36, wavulana 48. Kundi lililotangulia, la 2022, liliandikishwa watoto 108 na watahiniwa wakawa 96.

Bango la langoni halikutaja hata moja ya tarakimu hizi.

Kanuni ilibadilika

Gredi za KCSE hupewa pointi kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E. Masomo 7 yanajumlishwa, jumla ya juu ikiwa 84, kisha jumla hiyo hutafsiriwa kuwa gredi ya wastani: pointi 25 hadi 31 ni D+, 32 hadi 38 ni C-, 46 hadi 52 ni C+, gredi inayofungua mlango wa shahada. Hadi 2022, masomo hayo 7 yalikuwa Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la jamii na somo jingine moja. Kuanzia mtihani wa 2023 yanachukuliwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine 5 aliyoyafanya vyema.

Mwangalie mtahiniwa mmoja wa masomo 8: Hisabati E (1), Kiingereza D+ (4), Kiswahili C (6), Biolojia D (3), Kemia D- (2), Historia C (6), Dini C+ (7), Kilimo C- (5). Kwa kanuni ya zamani anahesabiwa 1+4+6+3+2+7+6, jumla 29, yaani D+. Kwa kanuni mpya Kemia inaachwa na Kilimo kinaingia: 1+6+7+6+5+4+3, jumla 32, yaani C-. Hakuongeza alama hata moja katika somo lolote, ila amevuka mstari unaotenganisha kozi ya cheti na kozi ya stashahada. Kwake hilo ni jambo kubwa, na ni haki yake. Kwa shule halionyeshi kwamba ufundishaji umekuwa bora.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau hapa: mtahiniwa aliyesajiliwa kwa masomo 7 pekee haguswi kabisa na kanuni mpya, maana yote saba yanahesabiwa vyovyote vile. Ndiyo maana huwezi kutoa kiwango kimoja cha kitaifa kwenye wastani wa shule yako ukadhani umesahihisha. Ni lazima uchukue karatasi ya matokeo na kumkokotoa kila mmoja upya. Katika shule yetu, watahiniwa 50 kati ya 84 walikuwa na masomo 8. Walipokokotolewa kwa kanuni ya zamani, 21 walirudi chini gredi moja. Jumla ya pointi za shule ilishuka kutoka 336 hadi 315, na wastani kutoka 4.0 hadi 3.75.

Kwa hiyo, katika ongezeko la 0.60, sehemu ya 0.25 imetoka kwa kanuni. Ukitazama nchi nzima, waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022 na 201,133 mwaka 2023. Shule iliyopanda mwaka huo haikupanda peke yake.

Waliokosekana

Kundi la 2022 lilipoteza watoto 12 kati ya 108, asilimia 11. La 2023 lilipoteza 26 kati ya 110, karibu asilimia 24. Lingepoteza kwa kiwango cha mwaka uliotangulia, watahiniwa wangekuwa 98 badala ya 84. Swali ni je, hao 14 wa ziada wangepata nini?

Kubahatisha hakufai, lakini njia ipo. Kwa kila aliyeacha shule, tafuta alama zake za mtihani wa mwisho alioufanya hapa shuleni, hata kama ni wa kidato cha kwanza. Kisha tafuta wanafunzi wa darasa lile lile, wa jinsia ile ile, waliopata alama zinazolingana na zake, tofauti isizidi alama 3 juu au chini, na ambao walibaki hadi mwisho. Gredi waliyoipata hao ndiyo makadirio ya aliyeondoka. Wastani wa makadirio kwa wote 26 ulikuwa 2.5. Tukiwarudisha 14: (315 + 35) ÷ 98 = 3.57. Hapo 0.18 nyingine ya ongezeko inapotea. Inabaki 0.17 ambayo tunaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ni kazi ya walimu na wanafunzi: ni kama watahiniwa 17 kati ya 98 kupanda gredi moja moja. Ukikadiria 2.0 badala ya 2.5, inabaki 0.10. Ukikadiria 3.0, inabaki 0.24. Popote utakaposimama, maendeleo yapo, ila ni chini ya nusu ya yale yaliyoandikwa kwenye bango.

Na hapa ndipo tunapotaka bodi ikae chini na kutafakari. Kila mtoto dhaifu anayeacha shule anapandisha wastani. Wastani unaisifu shule kwa kumpoteza. Mkuu wa shule mwaminifu hawezi kulikusudia hilo, lakini kipimo tunachompimia kinamsukuma huko, na ndiyo sababu ipo tabia, katika baadhi ya maeneo, ya kuwasajili watahiniwa dhaifu kwenye kituo kingine cha mtihani ili jina la shule lisichafuke.

Sasa tugawe kwa jinsia. Wasichana 36 walipata pointi 151, wastani 4.19. Wavulana 48 walipata 185, wastani 3.85. Mtu akisoma hapo atasema wasichana wamewashinda wavulana, na kamati ya taaluma itapendekeza mpango wa kuwainua wavulana. Hesabu waliokosekana: wasichana 18, wavulana 8. Msichana mmoja kati ya kila watatu walioandikishwa hakufika chumba cha mtihani. Kwa wavulana ni mmoja kati ya saba. Warudishe wote kwa makadirio yale yale ya 2.5 na wasichana wanakuwa na 3.63, wavulana 3.66. Ile tofauti imeyeyuka. Walioshinda walikuwa wale waliobaki baada ya chujio kali, na chujio hilo halikuwa la masomo.

Lini walipotea? Rejista inaeleza. Kati ya wasichana 18, 11 hawakurudi Januari 2021, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa tangu katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Watoto hawa walikuwa wamekaa sekondari majuma yasiyozidi kumi. Hawakuwa na mwalimu anayewajua kwa jina wala rafiki wa kuwaita, na nyumbani walikuwa wamekwisha kupata kazi: kuchuuza omena na mboga sokoni Ahero, kulea, kuamia ndege kwenye mashamba ya mpunga. Wengine walikuwa wajawazito. Wavulana watatu tu walipotea wakati huo. Wengine watano waliondoka kidato cha pili na cha tatu, wengi kwa bodaboda na kukata miwa.

Kutenganisha aliyehama na aliyeacha kunahitaji uangalifu, maana ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi. Neno la jirani kwamba "alienda kwa shangazi yake Nakuru" halitoshi. Angalia kwenye mfumo wa wizara wa taarifa za wanafunzi kama shule nyingine imempokea kwa namba yake ya utambulisho. Ikiwa jina bado liko kwako na mtoto haonekani, huyo ameacha hadi ithibitike vingine. Shule nyingi huacha majina hayo yakae kwenye mfumo, wakati mwingine kwa uzembe, wakati mwingine kwa sababu ruzuku hufuata jina. Ruzuku ya mwanafunzi wa kutwa kwa makaratasi ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Wanafunzi 26 ni shilingi 578,344. Fedha hizo zikija kwa ajili ya watoto wasiokuwepo ni kosa, na zikikosekana ni mwalimu mmoja au wawili walioajiriwa na bodi wasiolipwa. Njia salama ni kuwa na watoto wenyewe darasani.

Mto

Tofauti ya jinsia ilipoyeyuka, ilitokea nyingine ambayo hakuna aliyeitafuta. Watahiniwa 31 wanatoka vijiji vilivyo karibu na mto Nyando, upande unaofurika. Wastani wao ni 3.52. Wengine 53 wana 4.28. Alama zao za kuingilia za KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilikuwa karibu sawa, 215 kwa 222 kati ya 500, kwa hiyo huwezi kusema waliletwa dhaifu.

Maji ya Nyando hutoka milima ya Nandi na Kericho. Mvua ikinyesha huko usiku, Kano hufurika asubuhi jua likiwaka. Udongo mweusi wa huku hukaa na maji siku nyingi, njia hazipitiki, na familia huhamia kambini, mara nyingi kwenye madarasa ya shule za msingi. Mafuriko ya masika huja Machi hadi Mei, yaani yanakula mwisho wa muhula wa kwanza na mwanzo wa wa pili. Aprili na Mei 2024 nchi nzima iliona jambo ambalo Kano huliona mara kwa mara: ufunguzi wa shule uliahirishwa hadi Mei 13.

Mtoto wa kijiji cha mtoni akikosa majuma mawili kila mwaka kwa miaka minne, amekosa majuma manane, na kwa sababu mafuriko hurudi msimu ule ule, hukosa sehemu ile ile ya silabasi ya kila kidato. Hilo ndilo la kushughulikia: mwalimu wa Hisabati aangalie maazimio yake ya kazi, aone mada zipi huangukia Aprili na Mei mapema, kisha azihamishe au apange kuzirudia Juni kwa watoto wa vijiji hivyo. Hili ni badiliko la ratiba tu, halihitaji hata shilingi.

Jambo la pili ni rejista ya darasa. Huku huitwa asubuhi peke yake. Mwanafunzi asiyelipa chakula cha mchana huandikwa yupo saa mbili, huenda nyumbani saa saba, na kwa anayeishi kilomita nne hakuna kurudi. Elimu ya kutwa imekuwa haina ada ya masomo tangu 2008, lakini chakula hulipiwa na mzazi. Chukua mfano wa shilingi 40 kwa siku kwa siku 60 za muhula: deni ni 2,400. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa 2,400 huku ruzuku yake ya mwaka ikiwa mara tisa ya hiyo ni hesabu mbovu hata kabla ya kuzungumzia ubinadamu. Mpunga na mahindi yanapokelewa na shule nyingi badala ya fedha. Pale ambapo havipokewi, bodi inaweza kupitisha hilo kwenye kikao kimoja. Na rejista iitwe mara mbili, asubuhi na baada ya chakula, vinginevyo utoro wa alasiri hautaonekana kamwe.

Alasiri ina uzito wake kwa sababu ndipo vipindi viwili mfululizo vya maabara huwekwa. Kemia ina karatasi tatu: ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya tatu, ya maabara, alama 40. Moja ya tano ya somo iko mikononi mwa mtoto anayeshika pipeti na bureti, vyombo vya kupimia vimiminika. Katika shule zenye maabara moja na kemikali chache, wanafunzi hupima asidi kwa mara ya kwanza muhula wa mwisho wa kidato cha nne. Hapo hawajui kusoma bureti kwa usawa wa jicho, hawaandiki tarakimu za desimali zinazohitajika, jedwali halikamiliki, na alama za bure zinamwagika. Mazoezi manne kwa mwaka kuanzia kidato cha pili, kwa vikundi vya wanne, yanatosha kuondoa makosa hayo.

Uzito wake upimwe hivi. Pointi moja katika somo moja linalohesabiwa ni 1 ÷ 7, yaani 0.14 kwenye wastani wa mtahiniwa. Hisabati haiachwi na kanuni yoyote. Watahiniwa wengi wakiwa na E huko, kuwapandisha hadi D- kunaleta 0.14, na hadi D kunaleta 0.29, kubwa kuliko lile ongezeko halisi la 0.17 ambalo tumelikuta. Kwa shule hii, mwalimu wa pili wa Hisabati anazaa zaidi ya kambi ya masomo ya usiku kwa masomo yote.

Neno moja kuhusu Kiswahili. Watoto wengi wa Kano huzungumza Dholuo nyumbani, na kanuni mpya imewapa baadhi yao na walimu wao wazo kwamba lugha moja inatosha. Ni wazo la hatari. Lugha ya pili bado inaweza kuingia kwenye yale masomo 5, na kwa mtoto wetu wa juu Kiingereza chake cha D+ kilikuwa cha nne kati ya matano. Karatasi ya Insha, ya Lugha na ya Fasihi zina alama 40, 80 na 80. Hakuna maabara wala kemikali. Kuiacha lugha ni kuacha somo la bei nafuu kuliko yote.

Thamani iliyoongezwa

Bodi iliuliza pia kama shule "iliongeza thamani". Njia inayotumiwa sana ni kugawa alama za KCPE kwa 500, kuzidisha kwa 12, kisha kulinganisha na pointi za KCSE. Kwa wastani wa kuingilia wa 220, hiyo ni 5.28, shule imepata 4.0, basi imepoteza 1.28. Hitimisho hilo ni la uonevu. Alama za KCPE zilisawazishwa ili mtoto wa kawaida awe karibu na 250, na kwa njia hii 250 inageuka 6.0, gredi C. Lakini waliopata C+ na zaidi katika KCSE ya 2023 hawakufika hata robo ya watahiniwa. Mizani mbili zenye vituo tofauti zimeunganishwa kwa rula moja. Tangu sera ya kuwapokea wote kidato cha kwanza ianze 2018, shule za kutwa za kaunti ndogo ndizo zilizobeba watoto wa alama za chini, nazo ndizo zinazoumizwa zaidi na rula hiyo.

Linganisha mtoto na mtoto. Wenye 150 hadi 199, 200 hadi 249, 250 hadi 299, kila kundi kivyake, dhidi ya makundi hayo hayo katika shule jirani tatu au nne za kutwa. Mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo anaweza kuzikutanisha shule hizo zikabadilishana takwimu bila majina. Usiilinganishe Kano na shule za kitaifa kama Maseno School au Maranda. Ulichopima hapo ni nani aliyechaguliwa kuingia.

Katika kazi yote hii, tumia namba za usajili, si majina. Orodha ya yatima, wajawazito au wadaiwa isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Na kundi lenye watoto chini ya 10 lisipewe wastani wake: mmoja akipata A- peke yake hugeuza picha, na kila mtu kijijini atamjua.

Kipimo hiki cha KCPE dhidi ya KCSE kina muda mfupi uliobaki. Kidato cha kwanza cha 2024 kilikuwa cha mwisho, na KCSE ya mwisho ni 2027. Darasa la 10 lililoanza Januari 2026 halina alama za KCPE. Linakuja na viwango vya KJSEA, tathmini ya mwisho wa darasa la 9, ambavyo kwa sehemu ya asilimia 40 vimetokana na KPSEA, tathmini ya darasa la 6, na tathmini za shuleni. Jedwali la kuingilia litengenezwe sasa, wiki ya kwanza ya muhula: namba ya usajili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, upande wa mto, viwango vya KJSEA kwa kila somo, na anayemlea. Safu ya mwisho iitwe "yupo", ijazwe mwanzo wa kila muhula.

Wale wasichana 18 majina yao yangali kwenye rejista. Mwongozo wa serikali wa 2020 unaitaka shule impokee msichana anayerudi baada ya kujifungua, na mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea uko wazi hadi mtihani wa mwisho. Mwalimu wa ushauri nasaha, mzee wa kijiji na mzazi mmoja wa bodi wakigawana vijiji wanaweza kuwafikia wote kwa Jumamosi mbili, wakianza na wale 11 wa Januari 2021, ambao hakuna aliyekwenda kuwauliza.